Mgongo wa mpagazi si chuma

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimwona mtu akipita na gunia mgongoni, nawe umeketi dirishani mwa matatu, uzito wake huuoni. Unachokiona ni kwamba amekuzibia njia. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa watazamaji hao, hadi siku nilipojitwika mzigo wangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda Mlima Kenya pamoja na marafiki kwa njia ya Sirimon. Niliazima shanta kuukuu yenye mikanda miwili myembamba ya mabegani. Haikuwa na fremu wala mkanda wa kiunoni. Nilitia humo vitu vya kilo zipatazo 15. Siku ya pili mkono wangu wa kushoto ulianza kufa ganzi, na siku ya tatu nilishindwa kufunga vifungo vya koti. Ganzi hiyo ilinikaa majuma matatu baada ya kurudi Nairobi. Daktari alinieleza kwamba mkanda ulikuwa umezibana neva zinazopita begani kwenda mkononi.

Hata hivyo, jambo linalonisumbua hadi leo si mkono wangu. Ni yule kijana tuliyemwajiri atubebee chakula na hema. Yeye alikuwa na mifuko miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, na kamba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mkanda wake wa mabegani. Usiku, sote tukilalamika kuhusu miguu na mabega, hakuna aliyemwuliza mgongo wake ulikuwaje. Mimi pia sikumwuliza.

Msomaji, maoni yangu ni haya. Nchi yetu huitumia migongo ya watu kana kwamba ni magari, lakini haijali kuitengenezea chombo. Mpagazi wa mlimani, kibarua wa sokoni Kongowea na mjenzi apandishaye saruji ghorofani hupewa mzigo na kamba, basi. Akiumia tunasema ni mnyonge. Ilhali dawa moja iliyo rahisi inajulikana tangu zamani: fremu imara na mkanda mpana wa kiunoni.

Somo la wawindaji

Wanaolijua jambo hili vizuri ni wawindaji wa Marekani wanaowinda katika milima ya Rocky. Humo kuna mnyama wa jamii ya kulungu aitwaye elk, ambaye dume lake laweza kupita kilo 300. Akiuawa bondeni, mahali ambapo gari haliwezi kufika, nyama hukatwa vipande na kubebwa kwa miguu, safari baada ya safari. Paja moja la nyuma likiwa na mfupa laweza kupita kilo 30. Haishangazi basi kwamba wawindaji hao hubishana juu ya fremu kama sisi tubishanavyo juu ya kandanda.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, nami sitaki urudi. Lakini mzigo haukupigwa marufuku. Ujuzi wa mwindaji wa kubeba nyama waweza kumfaa abebaye viazi, maji au hema.

Wala ujuzi huu si wa jana. Mwaka wa 1991, mpakani mwa Italia na Austria, palipatikana katika barafu maiti ya mtu aliyekufa miaka ipatayo 5,300 iliyopita, ambaye leo huitwa Ötzi. Pamoja na upinde na mishale yake palikuwa na ufito uliokunjwa mithili ya herufi U pamoja na vibao, vitu ambavyo wataalamu wengi huviona kuwa fremu ya kubebea mzigo. Wakorea nao wana jige, fremu ya mbao yenye fimbo ya kuiegemeza mbebaji anapopumzika. Mwaka wa 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza mashanta yenye fremu ya alumini, na tangu hapo mkanda wa kiunoni ukawa jambo la kawaida kwa wapanda milima.

Kinachotendeka mwilini

Mzigo unaoning'inia mabegani peke yake hukuvuta nyuma. Ili usianguke, unainama mbele, na misuli ya mgongo inakaza mchana kutwa. Pingili za uti wa mgongo hubanwa, na vile vijisahani laini vilivyo kati yake hubeba shinikizo juu ya shinikizo. Mikanda nayo hukandamiza mishipa na neva za mabega. Madaktari wa majeshi wameufahamu ugonjwa huu wa ganzi na udhaifu wa mkono kwa miaka mingi, na wameona kwamba askari wanaotumia fremu na mkanda wa kiunoni huupata mara chache zaidi.

Mkanda wa kiunoni hufanya kazi kwa sababu ya nyonga. Mifupa ya nyonga ni mipana na imara, nayo hukaa juu ya misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ile ya mapaja na makalio. Fremu ngumu hupokea uzito juu na kuuteremsha hadi kwenye mkanda, na mkanda huukabidhi nyonga. Bila fremu, mkanda hauna cha kuuinua mzigo. Bila mkanda, fremu ni vyuma tu vya kukuchoma mgongoni.

Najua kuna msomaji atakayeniambia kwamba mama zetu walibeba kuni na maji bila fremu yoyote. Ni kweli, na hata sayansi imewavulia kofia. Mwaka wa 1986 Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walieleza kwamba wanawake wa Kiluo wabebao mzigo kichwani, na wa Kikuyu wabebao kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu.

Lakini tusome hesabu hiyo hadi mwisho. Asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Gunia la mahindi ni kilo 90. Isitoshe, ustadi wa mama hao ulijengwa tangu utotoni. Huwezi kumchukua kijana aliyeingia mjini juzi, ukamtwika gunia, kisha ukamwambia kwamba nyanya yake aliweza.

Jinsi ya kuchagua

Ikiwa wewe hupanda mlima, au wataka kumnunulia fremu anayekufanyia kazi, kwanza upimwe urefu wa mgongo. Urefu wa mtu mzima haukwambii kitu. Inamisha kichwa, uguse kile kifundo kinachotokeza chini ya shingo. Kutoka hapo pima hadi usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Fremu ilingane na kipimo hicho. Ikiwa ndefu mno, mkanda utakushukia makalioni. Ikiwa fupi mno, utakubana tumboni.

Pili, uutazame mkanda. Uwe mpana kama kiganja, wenye sponji ngumu isiyobonyea ukiifinya, na ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ufunge huo kwanza, ndipo ukaze mikanda ya mabegani. Mzigo ukikaa sawasawa, unaweza kupitisha vidole chini ya mikanda hiyo ya mabegani bila taabu.

Tatu, jaribu ugumu wa fremu. Simamisha chini, ushike ncha za juu na kuisukuma huku na huku. Ikipindapinda dukani, itapinda zaidi ikiwa na kilo 30. Tena usiijaribu ikiwa tupu. Omba utiwe uzito wa kilo 10 hivi, utembee, upande ngazi, uiname.

Kuhusu upangaji, vitu vizito vikae karibu kabisa na mgongo, usawa wa kati ya mabega na kiuno. Kwenye njia ya mawe na matope uviteremshe kidogo ili usiyumbe. Kila kitu kifungwe kikazwe, kwani mzigo unaotikisika huchosha kuliko mzito uliotulia.

Fremu ya zamani isitupwe

Fremu mpya za kutoka ng'ambo ni ghali, wala siwaombi wenye pato dogo wakazinunue. Katika mitumba hupatikana fremu za alumini zilizotupwa kwa sababu mkanda umechakaa. Nunua, kisha uipeleke kwa mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji, na kwa fundi wa kushona mikoba.

Mwambie fundi wa chuma aongeze rafu chini, kipande cha bomba kilichokunjwa kitakachoukalia mzigo ili usiteleze. Apige tupa kingo zote kali. Fundi wa kushona aweke vitambaa viwili vipana vilivyovutwa kwa nguvu kutoka upande mmoja wa fremu hadi wa pili, ili mgongo ukae juu ya kitambaa na wala usiguse chuma, na hewa ipite. Ashone mkanda mpya wa kiunoni kwa turubai na sponji ngumu. Mikanda ya mabegani iwe na upana wa vidole vinne au zaidi. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi vinatosha kuufunga mzigo usicheze.

Hata fremu ikiwa nzuri namna gani, usiinue mzigo mzito kutoka chini kwa kuinama na kujipinda. Uweke juu ya jiwe au benchi iliyo usawa wa kiuno, uingize mikono, ufunge mkanda, ndipo usimame. Mwenzako akuauni.

Fremu si kisingizio

Hapa nataka nieleweke. Fremu haiwezi kuzifanya kilo 90 kuwa 40. Mwajiri asije akampa mtu fremu leo na kesho akamwongezea gunia la pili. Tangu mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa kawaida zaidi ya kilo 55. Kanuni zetu za viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, ili kukomesha lumbesi. Nayo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka wa 2007 humkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumwumiza. Kwa majirani zetu, mpagazi wa Kilimanjaro amewekewa kikomo cha kilo 20 za mzigo wa wageni.

Tatizo ni kwamba kibarua wa sokoni hana mwajiri wa kushtakiwa. Hulipwa kwa gunia, na gunia likiwa kubwa zaidi halimwongezei mgongo wa pili. Kwa hivyo jukumu ni la mfanyabiashara afungashaye, na ni letu sisi tununuao. Wenye kampuni za kupandisha watalii milimani nao hawana udhuru: mgeni akipewa shanta ya fremu, mpagazi apewe pia.

Nawe ubebaye, zijue dalili. Mkono ukifa ganzi au ukishindwa kuinuka, tua mzigo, usiendelee. Maumivu yakiteremka kutoka kiunoni hadi mguuni, mwone daktari kabla ya kubeba tena. Miguu yote miwili ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Mkono wangu ulipona. Sijui mgongo wa kijana yule uko katika hali gani, na sina jibu zuri la kwa nini sikumwuliza. Safari ijayo, kabla ya kulipa na kuanza kupanda, mtazame atakayekubebea. Uushike mzigo wake na kuuinua kwa mikono yako mwenyewe. Utakapoona kwamba si usufi, utajua la kufanya.