Kibarua Akigonga Chuma

NIONAVYO
Na Regina Tlehema

Novemba 8, 2017, mtoto mmoja wa Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, alifika shuleni na kitu alichokiokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kumbe ni bomu la kurusha kwa mkono. Wanafunzi watano walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa.

Msomaji wa Katesh au Dongobesh, huku kwetu Manyara, atasema Ngara ni mbali, tena mpakani, njia ya wakimbizi. Kweli. Wala sidai kwamba Mbulu na Hanang zimejaa mabomu. Ila Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita mlangoni kwetu. Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yalitoka Arusha, yakapigana Lolkisale, yakapita Ufiome, hapo jirani Babati, hadi kuiteka Kondoa. Mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akaishambulia Kondoa, na kati ya silaha zake ilikuwamo mizinga iliyotolewa kwenye meli yao ya kivita, Königsberg, baada ya kuzama Rufiji. Si kila kombora hulipuka linapoanguka.

Wajerumani wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 2017 mjini Frankfurt, bomu moja la Waingereza la Vita vya Pili vya Dunia lilikutwa kwenye eneo la ujenzi. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa ili liteguliwe. Kule wajenzi hukagua kwanza picha za anga za enzi za vita. Sisi picha hizo hatuna. Tuna wazee, nao huulizwa mpaka wa shamba tu, si nani alipiga kambi pale.

Halafu kuna wachimbaji wa “mali ya Mjerumani”, hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani. Hawa ndio hunikosesha usingizi, maana wakigonga chuma usiku hawasimami, wanashangilia.

Lakini anayegonga chuma mara nyingi zaidi ni kibarua wa mtaro, anayelipwa kwa mita. Akisimama saa nne asubuhi, siku yake imeharibika. Kwa hiyo atakizungushia sululu, akitoe, na jioni akipeleke kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma. Mkandarasi anayewaambia vibarua “mkiona chuma msichokijua, msikiguse” bado hajasema lolote, mpaka aongeze: “na ujira wako wa leo uko palepale.”

Mengine ni mepesi: acheni kuchimba, sogeeni mbali, wekeni alama, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na polisi, nao wawaite wataalamu wa JWTZ. Wakazi wa Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabomu yalipolipuka kwenye maghala ya jeshi yakaangukia nyumba zao, waliambiwa hivyohivyo. Hao hawakuwa wanalipwa kwa mita.

Kwenye mikataba ya barabara kama ya Mbulu–Haydom na ya shule zetu uwekwe mstari mmoja: kazi ikisimama kwa sababu ya chuma kisichojulikana, gharama ni ya mradi, si ya kibarua.