Hesabu na Dhamana: Maadili katika Darasa la Uhandisi

Wahenga wametuusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo wamfaa kila mtu, lakini wamfaa mhandisi zaidi, maana ukuta wake ukianguka haumwangukii yeye peke yake. Hivyo yatupasa sisi wakufunzi tujiulize: mwanachuo wa uhandisi hufundishwa lini kuuona ufa, na hufundishwa lini kuusema?

Mara nyingi somo la maadili hutengwa mbali na masomo ya ufundi. Hutolewa mihadhara michache, kanuni za taaluma husomwa, na mwanachuo huzikariri kwa ajili ya mtihani. Kisha hurudi kwenye hesabu zake kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani. Twaonelea kuwa utaratibu huu una kasoro. Wajibu wa mhandisi umo ndani ya hesabu yenyewe, na humo ndimo unamopasa kufundishwa.

Natutazame mfano mmoja. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya kupitia watu yaliyoning'inizwa ndani ya ukumbi yalianguka. Watu 114 walikufa na wengine zaidi ya 200 waliumia. Katika mchoro wa awali, madaraja hayo, moja juu ya jingine, yalikuwa yaning'inie kwenye vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini bila kukatwa. Wakati wa utengenezaji, kila chuma kiligawanywa viwili ili kurahisisha kazi: daraja la juu likaning'inia kwenye dari, na la chini likaning'inia kwenye boriti za lile la juu. Badiliko lilionekana dogo, lakini nati zilizoshika boriti za daraja la juu zikabeba mzigo maradufu. Michoro hiyo ilipitishwa kwa muhuri wa wahandisi. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata ule mpango wa awali ungekuwa na asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo.

Mkufunzi aweza kulifundisha jambo hili kwa ndoo mbili za maji na kamba. Kwanza ndoo zote mbili zifungwe katika kamba moja ndefu, kila moja kwa fundo lake. Kisha kamba ikatwe, na ndoo ya pili ifungwe chini ya ndoo ya kwanza. Wanachuo wakokotoe mzigo wa fundo la juu katika kila hali. Jibu watalipata upesi. Hapo ndipo mkufunzi aulize maswali mengine: Ni nani aliyepaswa kuirudia hesabu hii? Anayepiga muhuri juu ya mchoro anaahidi nini, na anamwahidi nani? Ungekuwa wewe, ungemwandikia nani barua? Barua hiyo na iandikwe, isomwe mbele ya darasa, na ipewe alama sawa na hesabu.

Wako watakaosema kwamba muhtasari umejaa, hauna nafasi ya somo jipya. Tunajibu kwamba hatuombi kipindi kipya. Tunaomba swali jipya katika vipindi vilivyopo. Wengine watasema kwamba maadili mtu huyapata kwa wazazi wake. Ni kweli, mtoto huonywa nyumbani asiseme uongo. Lakini nyumbani hakuna anayemfundisha kwamba sahihi iliyotiwa bila kukagua nayo ni uongo. Na wako watakaouliza mhandisi kijana atawezaje kumkatalia mkuu wake wa kazi. Swali hili ni zito, nasi hatulipuuzi, kwani pengo la kazi lauma. Lakini kwa sababu hiyohiyo yafaa azoee kusema kwa adabu na kwa ushahidi angali darasani, mahali ambapo kukosea hakuui mtu.

Mambo haya hayako mbali nasi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, nalo likaua watu. Si kazi yetu hapa kuhukumu. Kazi yetu ni kukumbuka kwamba mpita njia na mchuuzi wa dukani hawana uwezo wa kukagua nguzo. Wao huingia tu, kwa kuwa wanaamini kuwa yuko mtu aliyekagua.

Imani hiyo ndiyo dhamana ya mhandisi, nayo hutolewa na raia asiyemjua wala kumlipa. Mwanachuo anayehitimu pasipo kuifahamu, hata akiwa hodari wa hesabu, hatujamaliza kumfundisha.