Pombe Alishaacha, Kilichompeleka Ndani ni Bima

Haya wadau, leo tuongee kidogo, maana tangu juzi naona mmechachamaa kwenye magrupu ya WhatsApp na kila mtu amekuwa hakimu. Mmeshajua namsema nani. MC wetu wa kule Houston, Texas, yule ambaye harusi ya Wabongo bila yeye watu wanasema haijanoga. Jina silitaji na nyie naomba msilitaje, ana mama yake hapa Dar na ana watoto wanaojua kusoma.

Stori inayozunguka ni hii: kasimamishwa na polisi usiku, taa moja ya nyuma haiwaki. Askari kaingiza leseni yake kwenye mashine, muda si mrefu jamaa yuko ndani ya gari la polisi na gari lake linavutwa. Basi hapo hapo watu wakaanza: "Si niliwaambia, kanywa tena huyo." Wengine: "Wazungu hawatupendi." Wengine eti kuna mtu kamfanyizia kwa sababu ya wivu wa kazi.

Jamani. Hajanywa, hajarogwa. Alikuwa mkavu kabisa, tena wanaomjua wanasema tangu ile kesi ya mwanzoni mwa mwaka jana hajagusa hata bia moja. Kilichompeleka ndani ni bima aliyoiacha ikatike. Na mimi naona hili ndilo la kuongelea, kwa sababu ndugu zetu wengi huko Marekani wako kwenye shimo hilo hilo na wengine hata hawajui kama wameingia.

Tuanze na pale tunapochanganya. Sisi huku nyumbani tumezoea kuwa bima ni ya gari. Una bima kubwa au una bima ndogo, trafiki akikusimamisha anaangalia gari lina bima au halina, basi. Gari likiwa juu ya mawe uani, nani atalipia bima? Hakuna. Kwa hiyo Mbongo akifika Marekani anakwenda na akili hiyo hiyo, na kwa mtu wa kawaida haimletei shida sana.

Ila ukishatiwa hatiani kwa kuendesha umelewa, mambo yanabadilika. Kule kiwango cha kilevi kwenye damu kinachokufanya uhesabiwe umelewa ni asilimia 0.08 karibu majimbo yote, Utah wao wameshusha mpaka 0.05. Ukishahukumiwa, ili upewe tena ruhusa ya kuendesha, majimbo mengi yanadai kitu kinaitwa SR-22. Watu wanaiita bima ya SR-22 lakini yenyewe wala siyo bima. Ni fomu. Kampuni yako ya bima inaipeleka serikalini kusema: huyu mtu tuliyenaye ana bima, na tunamdhamini kwamba anayo. Kwa Texas inakwenda kwenye idara inayoitwa DPS, na unatakiwa kuwa nayo miaka 2 tangu siku ya hukumu. Majimbo mengi mengine ni miaka 3.

Mmeona? Hapo bima imeacha kuwa ya gari, imekuwa ya kwako wewe mwenyewe. Gari lilale, litembee, liwe limeisha mafuta, serikali haina habari nalo. Inachotaka kujua ni kama wewe, mtu uliyeshawahi kushika usukani ukiwa umelewa, una uwezo wa kumlipa utakayemgonga.

Na wala hawakudai makubwa. Kiwango cha chini cha Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja atakayeumia, dola 60,000 kwa wote watakaoumia kwenye ajali moja, na dola 25,000 kwa mali utakayoharibu. Yaani ni bima ndogo ile ile tunayoijua: inamlipa uliyemgonga, gari lako utajijua mwenyewe. Florida ndiyo wakali, kule mlevi anadaiwa fomu nyingine inaitwa FR-44, na viwango vyake ni dola 100,000, 300,000 na 50,000.

Sasa turudi kwa MC. Desemba kaja Dar. Mmemuona wenyewe, kila siku picha: leo Masaki, kesho Zanzibar, keshokutwa meza imejaa na washkaji. Kabla ya kupanda ndege akakatisha bima. Hesabu yake, kwa maneno ya watu wake wa karibu, ilikuwa nyepesi: gari limelala Houston, mimi niko Bongo, nilipe hela ya bure ya nini?

Asichokijua ni kwamba kampuni ya bima ina wajibu wa kisheria wa kuripoti. Bima ikifutwa au ikikatika, inapeleka DPS fomu nyingine, SR-26, kusema huyu mtu hatuko naye tena. Kama hakuna SR-22 mpya iliyoletwa, leseni inafungiwa na usajili wa gari unafungiwa. Barua inatumwa kwenye anwani yako ya huko. Wewe uko Kigamboni unakula pweza, barua iko kwenye sanduku Houston.

Karudi Januari, kawasha gari, kaenda kazini kama kawaida. Moyoni mwake ni dereva halali. Kwenye mashine ya polisi ni mtu aliyefungiwa leseni.

Na hapa ndipo wengi mnaposema "si faini tu, alipe aondoke". Hapana. Texas, kuendesha ukiwa umefungiwa leseni, halafu huko nyuma iliwahi kufungiwa kwa sababu ya ulevi, ni kosa la jinai. Adhabu yake inaweza kufika siku 180 jela na faini mpaka dola 2,000. Na kama siku hiyo huna bima halafu ukasababisha ajali mtu akaumia vibaya au akafa, inapanda: mpaka mwaka mzima na dola 4,000. Bado hujalipa ada ya dola 100 ya kurudishiwa leseni, hujalipa gari lililovutwa, hujalipa wakili, na bima mpya ukiitafuta itakuja na bei ya mtu aliyeshaonekana haaminiki mara mbili. Yako majimbo ambayo ukikatisha tu, ile miaka yako inaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri.

Kwa wenzetu ambao hawajapata uraia ni balaa zaidi. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa, na unatakiwa kusema kweli. Wenye visa, kukamatwa tu kwa kuendesha umelewa kunatosha ubalozi kuifuta visa yako. Na madereva wa malori, ambao kwa Wabongo kule ni wengi mno, kesi ya ulevi hata ukiwa kwenye gari lako la nyumbani inakunyima lori mwaka mzima, na ya pili ni kufungiwa maisha. Sasa umeshamaliza mwaka wako, umerudi barabarani, halafu leseni inafungiwa tena kwa sababu ya bili ya bima! Lori unaliendesha na nini?

Najua kuna watakaosema mimi naongea kirahisi kwa sababu silipi mimi. Sawa, na wana hoja. Bima ya mtu mwenye kesi ya ulevi ni ghali, inapanda vibaya sana. Na Houston si Kariakoo useme utadandia daladala, kule bila gari kwenda kazini ni mtihani. Kwa hiyo mtu masikini anafika mahali achague kodi ya nyumba au bima, anaacha bima, anafungiwa leseni, anaendesha hivyo hivyo kwa sababu watoto lazima wale, anakamatwa, anazidi kuwa masikini. Sheria ya namna hiyo inamuuma mnyonge zaidi, hilo silikatai hata kidogo.

Lakini wadau, MC wetu hakuwa kwenye kundi hilo. Hela ya meza moja ya Masaki tuliyoiona kwenye picha ingemlipia bima. Na hapa simsemi yeye peke yake, nasema sisi wote. Tuna ugonjwa wa kulipia vitu vinavyoonekana. Simu inaonekana, viatu vinaonekana, nauli ya kuja Bongo Desemba inaonekana. Bima haipigwi picha, basi inakuwa ya mwisho.

Na jingine linaloniuma. Sasa hivi grupu la mchango limeshafunguliwa, watu wanachangia wakili na dhamana. Vizuri, ndugu ni ndugu. Lakini mwaka mzima tulikuwa tunajua jamaa ana kesi, tulikuwa tunajua ana masharti. Nani alimuuliza, "Kaka, ile karatasi yako iko hai?" Hakuna. Walikuwepo tele wa kumuuliza anakunywa nini.

Kwa hiyo kama una ndugu, mume, dada au mshkaji mwenye mzigo huu, mtumie haya. Ukisafiri, usikatishe bima. Piga simu kwenye kampuni yako, na kama gari halina mkopo waombe wakuondolee ile ya gharama kubwa wakuachie ya kumlipa mtu mwingine, bei itashuka na karatasi yako itabaki hai. Umeuza gari? Ipo bima ya mtu asiye na gari, na SR-22 inaambatanishwa nayo kama kawaida. Unahama kampuni kwa sababu umepata ya bei nafuu? Chukua mpya kwanza, hakikisha fomu imefika serikalini, ndipo uikate ya zamani, kwa sababu hata siku moja katikati inaonekana. Umebadilisha kadi ya benki? Iangalie ile bima inayojikata yenyewe kila mwezi, wengi wameponzwa na kadi iliyokwisha muda. Na usikadirie mwenyewe kwamba miaka imeisha, waulize wenye leseni wakupe tarehe.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye kwenye kelele zote hizi sijaona amemtaja yeyote. Ni yule ambaye angegongwa. Usiku ule MC alibahatika kukutana na askari. Angekutana na mama anayevuka barabara akitoka shifti ya usiku, labda naye Mbongo, labda Mmexico, mwenye bili ya hospitali ya Marekani ambayo nyote mnajua ilivyo, ingekuwaje? Angelipwa na nani? Na mchango wetu wa WhatsApp?

Ndiyo maana mimi sioni kama serikali ya kule imemuonea. Ilimsamehe kosa ambalo lingeweza kuua mtu, ikamrudishia usukani, ikamuomba kitu kimoja tu kwa miaka 2: ukimgonga mtu, uwe na cha kumlipa. Kama hilo ni gumu, basi mtu aache funguo nyumbani mpaka atakapoweza.

Nyie mnaoishi huko mnasemaje? Mwenye la kuongeza aongeze hapo chini, ila kwa heshima, na majina tuyaache.