Shamba la Chekhov na ploti za Kilifi

Juni 2024, katika ukumbi wa LG Arts Center jijini Seoul, mwongozaji Simon Stone alionyesha tamthilia ya mwisho ya Anton Chekhov, ile ya shamba la micheri linalopigwa mnada. Hakuwaletea Wakorea samovari wala makoti ya manyoya. Aliandika upya mazungumzo, akahamishia kisa Seoul ya leo, akawafanya wenye shamba kuwa ukoo wa matajiri ambao kampuni yao inazama. Jeon Do-yeon, mwigizaji anayejulikana na kila nyumba ya Korea, alicheza mama mwenye mali asiyejua kubana matumizi. Kirusi kilichobaki kilikuwa mifupa ya kisa, na mifupa ilitosha.

Je, kazi ya namna hiyo ingekuwa na maana gani Ganze, katika kaunti ya Kilifi?

Jibu la haraka nalijua. Ganze ni jina ambalo Wakenya wengi hulisikia mvua zinapokosa: soko lake la Bamba, mabwawa yaliyokauka, malori ya chakula cha msaada. Ukimtajia mkazi wa huko tamthilia ya Mrusi aliyefariki mwaka 1904, ana haki ya kukuuliza kama una akili timamu. Hata hivyo hoja hii ya njaa mara nyingi haitolewi na wenye njaa. Hutolewa ofisini, na humgeuza mtu wa Ganze kuwa tumbo tupu. Watu hao hao hukesha matangani kwa ngoma na nyimbo, na hucheka na kulia kwa sanaa yao wenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli za utamaduni na mahali pa kuzifanyia. Basi Ganze kuwa na mchezo wa jukwaani si anasa. Kinachofaa kubishaniwa ni mchezo upi.

Wengi wangemchagua Gogol, mwandishi mwingine wa Urusi. Ile tamthilia yake ya mkaguzi, iliyochezwa kwanza St. Petersburg mwaka 1836 mbele ya mfalme Nikolai wa Kwanza, ina Kiswahili chake tangu miaka ya 1970: Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka. Kisa chake kinajulikana. Wakubwa wa mji mdogo wanasikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanamdhania karani mmoja asiye na senti, wanamlisha na kumpa fedha, naye anaondoka kabla hawajazinduka. Ukikiweka kisa hicho katika makao makuu ya kaunti yoyote, watu watacheka mpaka machozi.

Hapo ndipo ninaposita. Kicheko hicho tunacho tayari. Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea zimesomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima, na kabla yao Francis Imbuga alikuwa ameshaandika Betrayal in the City. Mtazamaji wa Kenya anamjua kiongozi mla rushwa kabla pazia halijafunguliwa. Anacheka, anamnyooshea kidole mtu aliye jukwaani, anarudi nyumbani akiwa safi. Gogol mwenyewe alilihofia jambo hilo, ndiyo maana alimfanya meya wake awageukie watazamaji mwishoni na kuwauliza wanamcheka nani. Swali hilo limeulizwa kwetu mara nyingi mno, sasa halimchomi mtu.

Kwa Chekhov hapana mtu wa kunyooshewa kidole. Bibi Ranevskaya anarudi kutoka Paris akiwa na madeni, shamba la ukoo linakaribia kunadiwa. Lopakhin, mfanyabiashara ambaye baba yake na babu yake walikuwa watumwa wa shamba hilo hilo, anampa njia ya kuokoka: kata miti, gawanya ardhi vipande vipande, wakodishe watu wa mjini wajenge nyumba za mapumziko. Bibi anaona ni ushenzi. Mnada unafika, na anayenunua ni Lopakhin mwenyewe.

Mtu wa Kilifi hahitaji kufafanuliwa hapo. Ploti ya hamsini kwa mia, nyumba za wageni karibu na bahari, minazi, miembe na mikorosho iliyoangushwa ili vigingi vya mpimaji vipite: Lopakhin ana ofisi mjini na mabango barabarani. Pwani hii ina jambo ambalo hata Chekhov hakuwa nalo, kwamba kwa desturi mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Unaweza kuuza minazi ukabaki na udongo, au ukapoteza udongo na kuendelea kudai minazi. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia David Parkin aliishi kati ya Wagiriama wa Kaloleni na kuandika kitabu Palms, Wine, and Witnesses, kilichotoka 1972. Aliwaona vijana wenye mtaji wa nazi kavu wakinunua minazi na ardhi ya majirani waliobanwa na gharama za mahari na mazishi. Vijana hao waliwahitaji wazee wawe mashahidi wa mauzo. Wengine walishikwa na pepo wa Kiislamu, wakaamriwa na mganga waache tembo na nyama ya karamu, na kwa njia hiyo wakakwepa meza ya pamoja inayokula faida ya mtu bila kumvunjia mzee heshima. Mwandishi wa tamthilia akimkosa Lopakhin humo, kosa si la Chekhov.

Historia nayo inakaribiana kuliko mtu angedhani. Urusi ilifuta utumwa wa mashambani mwaka 1861. Miaka hiyo hiyo mashamba ya Malindi yalikuwa yakifufuliwa chini ya sultani wa Zanzibar, na mtama wake ulilimwa na watumwa. Waliotoroka walikimbilia bara, hadi wakawa na makazi yao kama Fuladoyo. Tamthilia ya Chekhov ilipochezwa Moscow kwa mara ya kwanza, Januari 1904, utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Ulifutwa 1907, na aliyelipwa fidia ni bwana. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, na chini yake Wamijikenda wengi walijikuta maskwota mahali walipokuwa wakilima. Mwaka 1914 Wagiriama wakaamriwa kuhama ukingo wa kaskazini wa mto Sabaki, na kaya yao takatifu, Kaya Fungo, ikalipuliwa kwa baruti. Katika mchezo, mwanafunzi Trofimov anamwambia binti wa nyumba kwamba nyuma ya kila mti wa shamba lile wapo watu waliomilikiwa na wazazi wake. Maneno ya aina hiyo yakisemwa Malindi, ukumbini kungekuwa na wajukuu wa pande zote mbili.

Kuna hatari mbili, na ya kwanza ni huruma. Chekhov anampenda Ranevskaya, na mwongozaji mvivu atatufanya tumlilie mwenye shamba huku maskwota wakiwa mapambo. Ebrahim Hussein alilikwepa shimo hilo katika Mashetani, 1971. Humo nyanya wa kijana Juma anaomboleza utukufu uliopotea, nasi tunamsikia vizuri bila kulazimishwa kumlilia. Hiyo ndiyo jamaa ya karibu zaidi ya Chekhov niijuayo katika Kiswahili, na mwongozaji aisome kabla hajagusa Kirusi. Hatari ya pili ni Ganze yenyewe kukosa nafasi. Si pwani ya mahoteli, wala ploti zake hazigombaniwi namna ile. Ganze ndiko wanakotoka vibarua wa kuangusha miti na kuchimba misingi, na sehemu ya mkaa unaopika mijini. Chekhov amewapa watu hao mzee mmoja tu, Firs, mtumishi anayesahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwetu hatoshi. Mwongozaji wa hapa itabidi aandike zaidi, awape vibarua majina, madai na Kigiriama chao. Lopakhin aongee hicho na vibarua, kisha ageukie Kiswahili cha Malindi akizungumza na bibi mwenye shamba. Stone alithubutu kuandika upya huko Seoul, nasi hatuna sababu ya kuwa waoga zaidi.

Kwa hiyo, kama Kilifi ina fedha za mchezo mmoja wa kigeni, zisitumike kwa Gogol. Zimlipe mwandishi wa hapa kuandika shamba la Chekhov upya, zichapishe nakala za shule, zikodi lori na majenereta, na onyesho la kwanza lifanyike Bamba siku ya soko, kabla halijafika katika ukumbi wowote wa mjini.