Ndege Ikishaondoka Nanyuki, Sheria Yetu Inafika Wapi?

Ukiishi Nanyuki unawajua maJohnny, wale wanajeshi wa Uingereza wa BATUK. Wanakuja kwa mazoezi, wanaangusha pesa mjini, kisha wanapanda ndege kurudi kwao. Sasa, mmoja akishukiwa kuua mtu hapa na ndege ishaondoka, tunamfikia vipi?

Agnes Wanjiru alikuwa na miaka 21 na mtoto wa miezi mitano alipotoweka Machi 2012. Alionekana mara ya mwisho akiwa na wanajeshi hao kwenye hoteli moja Nanyuki. Mwili wake ulipatikana baadaye ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo hiyo. Mwaka 2019 hakimu Njeri Thuku, aliyechunguza kifo hicho, alisema waliomuua ni wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitoka Mahakama Kuu Septemba 2025. Piga hesabu mwenyewe.

Najua vile unataka kusema: mzungu hawezi kushikwa kwa sababu ya Mkenya. Lakini Novemba 2025 polisi wa Uingereza walimshika, huko huko kwao, akafikishwa korti ya Westminster, London. Anakana mashtaka, na amekataa kuletwa Kenya kwa hiari.

Iko hivi. Polisi wetu hawawezi kutua Uingereza na pingu wamchukue mtu. Lazima Kenya iombe. Inatuma ombi pamoja na hati, korti ya kule inasikiza, na mwisho waziri wao ndiye anatia sahihi. Kuna mfupa mmoja mgumu: Uingereza haimtoi mtu anayeweza kuhukumiwa kifo mpaka ipewe hakikisho kwamba hatanyongwa. Sisi hatujamnyonga mtu tangu 1987, lakini adhabu hiyo bado iko kwenye sheria zetu. (Ndio hao hao waliomhukumu Dedan Kimathi hapa Nyeri 1956, wakamnyonga Februari 1957. Wakati huo sheria yao haikuomba mtu ruhusa kuvuka bahari.)

Sasa angalia upande ule mwingine. Marekani ilipomtaka Mkenya aliyeshukiwa kumuua mpenzi wake na kuacha mwili ndani ya gari uwanja wa ndege wa Boston mwisho wa 2023, alishikwa hapa Januari 2024. Akatoroka kituo cha polisi Nairobi, akashikwa tena, na kufikia Septemba alikuwa ashapelekwa Marekani. Hata mwaka haukuisha. Mpaka ni ule ule, sheria zinafanana. Tofauti ni kwamba Marekani iliomba mapema na ikaendelea kusukuma.

Kwa hivyo mimi London siilaumu peke yake. Kati ya uchunguzi wa 2019 na hati ya 2025 kuna miaka sita, na faili haikuwa imekaa Uingereza, ilikuwa hapa. Serikali ambayo inapokea jeshi la wenyewe, na mji ambao unauzia jeshi hilo nyama na bia, hazina haraka ya kuandika barua ya aina hiyo. Sema tu ukweli, buda.

Na hata mshukiwa akiletwa kesho, mwendesha mashtaka atalazimika kumuuliza shahidi aliona nani, akiwa na nani, usiku mmoja wa 2012.