Mdomo Sungura Si Deni la Mama



Alasiri moja, baada ya swala, baba mmoja kijana alitujia katika chumba cha kamati ya msikiti wetu hapa Busisi. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. Alisimama mlangoni akauliza swali ambalo katika miaka yetu yote ya kuandika kumbukumbu za vikao hatukuwahi kuulizwa: je, mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura hufanyiwa akika?

Mtoto alikuwa na siku 12. Siku ya 7 ilikuwa imepita bila jina kutangazwa wala nywele kunyolewa, kwa kuwa wakubwa wa ukoo walitaka kwanza ijulikane mama alifanya nini alipokuwa mjamzito. Wapo waliosema alimcheka mtu mwenye kasoro. Wapo waliosema amerogwa. Bibi wa mtoto alikuwa ameshatamka kwamba mkwewe arudishwe kwao.

Tulimjibu kama tulivyofundishwa chuoni: mtoto huyu ni mtoto kama wengine, sunna yake ni ileile, na siku ya 7 ikipita akika hufanywa baadaye. Tukamuusia subira, tukamwombea dua, akaenda zake. Wiki moja baadaye tulipokwenda kuwajulia hali, tulimkuta mtoto amekonda, kilio chake kimekuwa chembamba, na kila akinyonya maziwa yanamtokea puani. Tunakiri mbele yenu, ndugu wasomaji: tulimpa baba yule subira, hatukumpa nauli. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na swali la wale wakubwa: mama alifanya nini? Ili kulijibu, hatuna budi kutazama yanayotendeka tumboni.

Uso wa mwanadamu hauumbwi ukiwa kipande kimoja. Kati ya wiki ya 4 na ya 7 tangu mimba kutungwa, vipande 5 vya nyama laini huota kuzunguka mahali patakapokuwa mdomo: kimoja juu, viwili vya taya la juu, kimoja kila upande, na viwili vya taya la chini. Vipande hivyo husogeleana na kuungana. Mdomo wa juu hukamilika kabla ya wiki ya 7 kwisha. Kisha huja zamu ya kaakaa: kuta mbili zilizoning'inia kando ya ulimi huinuka, hukutana katikati na kushikana, kazi inayomalizika karibu na wiki ya 12.

Nani huziambia seli zisogee lini, zikue kiasi gani, na zikome wapi? Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili wajumbe, nao ni protini za ukuaji. Seli moja huitoa protini hiyo, nayo husafiri hadi kwa seli jirani. Haiingii ndani. Hupiga hodi, kwa maana hujishika kwenye kipokezi kilichopo juu ya ngozi ya seli. Kipokezi kikiguswa huamsha protini nyingine zilizo ndani, na hizo hupokezana habari mpaka kwenye kiini, ambako jeni fulani hufunguliwa na nyingine hufungwa. Hapo seli hutii: hugawanyika, huhama, hubadilika, au hufa ili kupisha nyingine.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1986 Stanley Cohen wa Marekani na Rita Levi-Montalcini wa Italia walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kuzigundua protini za namna hii. Cohen aliwachoma sindano vitoto vya panya, akitumia maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Akaona ajabu: vitoto vilifumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wake, na meno yakaota mapema. Ndani ya maji yale mlikuwamo mjumbe mmoja wa ukuaji.

Katika kaakaa, mmoja wa wajumbe muhimu anaitwa TGF-beta 3. Kuta mbili za kaakaa zinapokutana, kila moja bado imevaa ngozi yake, na ngozi mbili zikigusana tu haziwi nyama moja. Protini hii huziamuru seli za ngozi hiyo ya katikati ziondoke, ndipo nyama ikutane na nyama. Mwaka 1995 wanasayansi walionyesha kwamba panya waliokosa jeni la protini hii huzaliwa kaakaa likiwa wazi.

Ushahidi mwingine uko jikoni kwetu. Mfungue kuku mdomo utazame juu: utaona ufa mrefu katikati ya kaakaa lake. Kuku si mgonjwa. Ndivyo alivyoumbwa, kwani ukingo wa kaakaa lake hautoi mjumbe huyo. Mwaka 1998 watafiti nchini Marekani walichukua makaakaa ya vifaranga ambao bado wamo mayaini, wakayatilia TGF-beta 3 katika maabara, na kuta zikaungana.

Hatusemi kwamba kila mtoto mwenye mdomo sungura amekosa protini hii moja. Wajumbe wa uso ni wengi, na mmoja akichelewa au akapungua kwa siku chache tu, pande mbili zinaweza kupishana. Jeni zinazohusika hutoka kwa baba kama zitokavyo kwa mama. Uvutaji wa tumbaku, pombe, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari; na mama mwenye kifafa asiache dawa kwa uamuzi wake, bali azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Mara nyingi haionekani sababu moja ya kunyooshewa kidole. Duniani, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huja na hali hii.

Sasa pigeni hesabu. Mdomo hukamilika katika wiki ambazo wanawake wengi hawajajua kwa yakini kwamba wana mimba. Kicheko cha mwezi wa 6 kitaurudi vipi mwezi wa 2? Suratul-Muuminun inatufundisha kwamba mwanadamu huumbwa hatua baada ya hatua, na Suratul-Hujurat inatukataza kudharauliana. Anayemhukumu mama kwa umbo la mwanawe anadai elimu ambayo hakupewa.

Yaliyo juu yetu ni haya. Kwanza ni maziwa, kwa maana kinachomtisha mtoto huyu katika siku za mwanzo si ufa bali ni njaa. Aliyepasuka mdomo tu mara nyingi huweza kunyonya akisaidiwa. Aliyepasuka kaakaa hawezi kuvuta vizuri. Mama akamue maziwa, amkalishe mtoto wima, amnyweshe kidogo kidogo kwa kikombe safi au kijiko, na uzito wake upimwe mara kwa mara. Pili ni hospitali, bila kungoja. Mdomo kwa kawaida hushonwa kuanzia miezi 3 hivi, uzito ukiwa umefika karibu kilo 5. Kaakaa hushonwa baadaye, kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto aweze kutamka vizuri. Upasuaji huu hufanyika Bugando, na wapo wafadhili wanaougharimia nchini. Ulizeni kabla ya kukata tamaa. Tatu, mama mjamzito ahudhurie kliniki kabla ya wiki 12.

Zamani tungeweza kusingizia kivuko na foleni yake. Tangu Juni 19, 2025 daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi limefunguliwa. Udhuru wa maji umekwisha; uliobaki ni wa aibu.

Siku ya 20 tulivuka na familia ile hadi Bugando. Muuguzi alimfundisha mama kukamua na kunywesha kwa kikombe, akarudia mpaka mikono ya mama ikaacha kutetemeka. Siku ya 21 akika ilifanyika, na jina la mtoto likatangazwa kwa sauti. Bibi alikuja. Alikaa mbali kidogo na mkwewe, lakini alikuja. Upasuaji bado, tunangoja uzito, na kila Ijumaa baba hutuletea kadi tuisome.

Kamati yetu imekubaliana kwamba katika sanduku la sadaka itatengwa daima nauli ya mama na mtoto mgonjwa hadi Mwanza. Tunaziomba kamati za misikiti mingine zifikirie jambo hilo kabla hawajasimamishiwa mlangoni swali kama letu.

Wabillahi tawfiiq.