Gugu karoti si la wafugaji peke yao

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee jani. Ndiyo, jani! Linaitwa gugu karoti, jina la kitaalamu Parthenium hysterophorus, na kwao ni Amerika. Wataalamu walilibaini Arusha mwaka 2010.

Kulitambua si kazi. Majani yamechanika kama ya karoti, shina lina vinyweleo, maua ni meupe na madogo madogo. Ukiliangalia unaweza kusema ni pambo. Thubutu! Mmea mmoja hutoa mbegu zaidi ya 15,000, na huanza kuchanua kama wiki nne tu baada ya kuota. Likiingia malishoni, nyasi zinakwisha. Ng'ombe hulikwepa, ila akibanwa na njaa atalila, na maziwa yake yatakuwa machungu. Akilila kwa wingi anaweza kufa. Wanaolishika mara kwa mara huwashwa ngozi, wengine hubanwa na pumu.

Kinachonikera mimi ni huu mtindo wa kumwambia mfugaji "ng'oa, ng'oa", halafu basi. Nani alimpelekea? Mbegu husafiri na maji, ni kweli, lakini pia husafiri na matope ya matairi, mchanga wa ujenzi na magreda ya barabara. Hivyo ni vitu vyetu sisi tunaopenda maendeleo. Na kufyeka kando ya barabara wakati gugu limeshatoa mbegu si usafi jamani, ni kupanda!

Hoja yangu ni kwamba mkataba wa kutunza barabara useme wazi: gugu ling'olewe kabla ya kuchanua, na mitambo ioshwe kabla ya kuhamia eneo jingine. Nasi tuanze na viwanja vyetu tulivyonunua tukavisahau. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, ling'oe na mzizi wake ardhi ikiwa na unyevu. Ukilikata tu, linachipua. Kama limeshachanua, lifunge kwenye kiroba, likikauka ulichome hapo hapo. Mfugaji naye apumzishe malisho, maana nyasi zilizoshonana hazilipi nafasi.

Lakini akisafisha kwake leo na lori likamletea mbegu nyingine kesho, tutakuwa tumemsaidia nini? Maziwa ya chai yako yanatoka huko huko.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje?